Usiiache mikono: mwongozo kamili wa kurekodi na kuandika mazungumzo ya wazee wetu

Nina kaseti moja ya babu yangu mzaa mama. Alikuwa mvuvi wa madema, mitego ya samaki ya kusuka, mtu wa Kojani kule Pemba, na jioni moja baada ya laasiri nilimwekea redio kaseti mbele yake nikamwomba anieleze mahali pake pa kutega. Akaeleza kwa raha zake mpaka upande mzima wa kaseti ukamalizika. Nikiisikiliza leo nasikia hivi: "Mwamba uko hapa. Mkondo wapita huku. Basi ukitega huku, wapata. Ukitega huku, walala na njaa." Huku wapi? Sauti ni safi, hata jogoo wa jirani anasikika. Mkono wake ndio usiosikika, na habari yote ilikuwa mkononi.

Babu alitupa mkono miaka mingi iliyopita, na ule aliokuwa akinionyeshea mwamba ukaenda naye. Ndipo nikaanza kujifunza kurekodi upya. Ninayoyaandika hapa ni kwa mwalimu wa skuli, mwanafunzi wa chuo, au mjukuu tu mwenye simu mfukoni na mzee nyumbani, awe Unguja au Pemba.

Jua kwanza unatafuta nini

Wengi hudhani mkono ni pambo: mtu anasema, na mikono inachezacheza kwa mazoea. Adam Kendon wa Uingereza na David McNeill wa Marekani, waliotumia sehemu kubwa ya maisha yao kulichunguza jambo hili, walionyesha vingine. Wazo linapozaliwa, maneno na mkono hutoka humo pamoja, kila kimoja na mzigo wake. Maneno huja moja baada ya jingine, kwa foleni. Mkono huleta umbo, upande, ukubwa na mwendo kwa mkupuo mmoja. Wala hauinuki kwa ajili ya macho ya msikilizaji peke yake: mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walieleza kwamba hata watoto waliozaliwa bila ya kuona hutumia mikono wakizungumza, na hata wanapozungumza na asiyeona mwenzao.

Kiswahili chenyewe kimeuwekea mkono nafasi. Chukua neno "hivi." Mtu akisema "samaki mkubwa hivi" kizani, hujaambiwa kitu bado. Hapa, pale, huku, kule, kiasi hiki, namna hii: yote ni maneno yaliyoacha mlango wazi ili mkono uingie. Vipimo vyetu vya zamani navyo vilitoka mwilini. Futuri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada. Shibiri ni kutoka gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Dhiraa huanza kiwikoni ikaishia ncha ya kidole cha kati. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa. Mzee akisema "kamba pima tatu" mikono ikafunguka, hapambi maneno. Anapima.

Kwenye chuo cha Kurani pia utayaona haya. Maalim anayefundisha tajwidi hukunja kidole kimoja kimoja wakati mwanafunzi anavuta madi, ile sauti ya kurefushwa, na kila kidole ni haraka, yaani kipimo kimoja cha urefu: mbili, nne, sita. Sauti inatoka kinywani mwa mtoto, na urefu wake unahesabiwa mkononi mwa maalim.

Katika kitabu chake cha mwaka 1992, McNeill aliigawa mikono ya mazungumzo kwa namna nne, na mgawo huo unatosha kuanzia kazi. Kuna mkono wa kuelekeza, unaosema wapi. Kuna wa kuchora, unaolipa jambo umbo lake: kusuka, kuvuta, kumwaga, mviringo wa chungu. Kuna wa sitiari, unaokipa umbo kisichokuwa nalo, kama mtu anaposema "zamani hizo" na kiganja kikatupwa nyuma ya bega, au anaposema "kwa upande mmoja… na kwa upande wa pili" akayaweka mawazo mawili kama mizigo kwenye mizani. Na kuna wa mapigo, ule unaopanda na kushuka pamoja na neno lenye uzito. Watazame wanasiasa jukwaani. Usijifunge sana na mgawo huo. Mkono mmoja unaweza kuchora na kuelekeza kwa wakati mmoja, na mara nyingi hufanya hivyo.

Andaa kikao

Omba ruhusa kabla ya kutoa simu, na useme wazi kwamba unachukua picha na sauti pamoja, na nani ataiona. Mabibi wengi hawapendi sura zao zizunguke kwenye simu za watu, na wana haki yao. Wao warekodi kuanzia mabegani hadi mapajani, uso ubaki nje ya picha. Utakosa midomo iliyobinuliwa na jicho lililokonyezwa, lakini mikono utaipata yote. Bibi akiwa ndani ya buibui, omba kwa adabu mikono ikae juu ya nguo. Akikataa, rekodi sauti na ukae ubavuni pake na daftari, uandike kila mkono unaouona. Nimefanya hivyo mara nyingi na si kazi bure.

Sasa linakuja tatizo ambalo Pemba halikwepeki. Hadithi nzuri kabisa hutoka wakati wa kuchambua karafuu, watu wamezunguka lundo usiku, na wakati huo mikono ina kazi. Karafuu huku, makonyo kule, na hadithi inakwenda kwa kinywa, kidevu na nyusi. Usimwambie mtu aache kuchambua, utaivunja hadithi. Rekodi kama ilivyo, kisha siku ya pili mwombe akusimulie tena hadithi ile ile mikono ikiwa mitupu. Ukizilinganisha mbili hizo utajifunza mengi: kwenye karafuu atasema "akapanda juu ya mnazi kwa kukumbatia," na mikono ikiwa huru atasema "akapanda" tu, kukumbatia kumehamia mikononi.

Kikombe cha kahawa na tasbihi ni jambo hilo hilo kwa kiasi kidogo. Mwache mzee amalize kahawa yake kwanza.

Mahali pazuri ni barazani, kivulini, mchana au laasiri mapema. Jihadhari na ukuta mweupe wa chokaa wenye jua nyuma ya mzee, maana simu itampiga weusi. Kanzu nyeupe ni rafiki yako, mikono huonekana juu yake vizuri. Barazani watu hukaa mstari mmoja wakitazama njia, wala hawaelekeani, kwa hiyo mikono hutoka mbele kwenda njiani. Weka simu upande wa pili wa njia au pembeni kidogo mbele yake, kama pima moja na nusu kutoka alipo, usawa wa kifua chake, juu ya kitu kisichotikisika. Acha nafasi pande zote na juu ya kichwa, kwa sababu mkono unaoelekeza mbali huruka nje ya picha, na huo ndio unaoutaka. Upepo wa kaskazi au wa kusi utaiharibu sauti ikiwa simu iko mbali. Ukipata simu ya pili, iweke karibu na mzee irekodi sauti tu, na mwanzoni piga kofi moja mbele ya zote mbili. Kofi hilo litakusaidia baadaye kulinganisha picha na sauti.

Kabla ya kuanza, andika daftarini mzee ameelekea wapi. Hapa hatuhitaji dira. Kwetu kibla ni kaskazini hasa, na kila nyumba inaijua. Andika "ameipa kibla bega la kushoto" na kazi imekwisha. Hatua hii inachukua nusu dakika na ndiyo niliyoilipia gharama kubwa kuliko zote, kwa sababu wazee wetu, hasa watu wa bahari, hawaelekezi ovyo. Akisema "tulitoka Wete tukaja huku," mkono unakwenda kwenye upande wa kweli. Akisema "jua lilikuwa hapa," kidole kinapanda mbinguni mahali pale pale jua linapokuwa saa tisa ya mchana. Saa yetu yenyewe huanza jua linapotoka, basi usishangae mkono kuisoma angani.

Uliza swali linaloamsha mkono

Swali la "nini" na la "lini" huleta jina na mwaka. La "vipi" na "wapi" huleta mikono. Muulize: "Babu, dema husukwaje?" "Bibi, mkilipataje tui bila ya mashine?" "Mlikuwa mkitoka Chake kwenda Mkoani kwa njia gani?" "Nyumba ya fito na udongo husimamishwa vipi?" Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, swali moja la namna hii linatosha robo saa.

Kosa kubwa ni kumwambia mzee "tuonyeshe kwa mikono." Ukisema hivyo ataanza kuigiza, mikono itakuwa mikubwa, ya taratibu, yenye kungojea utazame. Mkono wa mazungumzo hauombwi. Na wewe usitikise kichwa tu kama mtu wa redio. Uliza, shangaa, sema "ehee," kwa sababu mzee huzungumza na mtu, hazungumzi na simu.

Tazama mara tatu kabla ya kuandika

Mara ya kwanza zima sauti. Utaona mahali mikono ilipochangamka, na huko ndiko pa kuanzia. Mara ya pili fumba macho usikilize, na kila unapokwama, kila "hapa," "huku," "hivi" usiyoielewa, andika dakika na sekunde. Hayo ni matundu ya kaseti ya babu yangu. Mara ya tatu fungua vyote viwili, uone mkono unaziba tundu gani. Kisha chagua kipande cha dakika moja au mbili tu. Dakika moja ya mazungumzo inaweza kukula saa nzima ya kuandika, na anayetaka kuandika yote siku ya kwanza huacha kazi siku ya pili.

Kuandika kwenyewe

Daftari linatosha, lakini ukiwa na kompyuta, pakua ELAN, programu ya bure iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck ya saikolojia ya lugha huko Nijmegen, Uholanzi. Inakuwezesha kuweka mistari chini ya picha, kila mstari ukifuata wakati, na kwenda picha moja moja. Simu nyingi huchukua picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo unaweza kujua mkono ulipiga wapi bila ya kubahatisha.

Kendon alitufundisha kuuona mkono kama safari. Unapumzika pajani, unainuka kujiandaa, unapiga, pengine unasubiri hewani, unarudi pajani. Kile kipigo ndicho kiini, ndicho chenye maana. Weka mabano ya mraba pale mkono unapoinuka na unapomaliza, na herufi kubwa pale kiini kilipoangukia. Kiini huja pamoja na neno lake au kabla yake kidogo. Ukiona umeandika kiini nyuma ya neno, rudi utazame tena, huenda umelikosea neno lenyewe.

Huu hapa ni mfano wa mvuvi mmoja wa Wete, amekaa ameielekea kibla:

"Basi [nikaliVUTA] [taRATIBU], maana mkondo [wenda HUKU], naona dema [limeJAA]."

Kwenye "nikalivuta": ngumi mbili, moja juu ya nyingine, zinapokezana mara tatu, kutoka magotini hadi kifuani.
Kwenye "taratibu": ngumi ya kushoto imebaki kifuani. Kiganja cha kulia kimefunguka, kinatazama chini, kinashuka kidogo kidogo.
Kwenye "huku": ngumi ya kushoto bado iko palepale. Mkono wa kulia unatoka nyuma ya bega kwenda mbele, kuelekea kibla, kiganja wima.
Kwenye "limejaa": kiganja cha kulia kinagonga juu ya ngumi ya kushoto mara mbili.

Tazama ngumi ya kushoto. Kinywa hakikuitaja kamba hata mara moja, lakini kamba ilikuwa mkononi tangu neno la kwanza, na haikuachiwa wakati mkono wa kulia ukielezea mkondo. Kwa hiyo msikilizaji ameona mambo mawili kwa pamoja: kamba inashikiliwa, na mkondo unaipiga ukielekea kaskazini. Maneno yangehitaji sentensi nzima. Na mwisho ngumi ile ile, bila ya kushuka, ikageuka kuwa dema lenyewe, likagongwa juu kwamba limejaa pomoni. Nilikitazama kipande hiki mara nyingi kabla ya kuliona hilo. Ndiyo maana nasisitiza kuandika mkono usiofanya kitu: mkono uliotulia hewani haujapumzika, umeshika jambo.

Andika unachokiona kabla ya kuandika maana. "Kiganja kinagonga ngumi" ni ushahidi. "Anaonyesha kujaa" ni rai yako. Viweke mistari tofauti, ili kesho mtu mwingine aweze kukupinga.

Anza na maneno ya kuigiza sauti na hali: ameanguka pu, ametumbukia chubwi, amelala fofofo, kimya jii, cheusi tii. Haya hayapendi kukaa peke yake, na mkono huja nayo karibu kila mara. Carol Eastman na Yahya Ali Omar, mwanazuoni wa Mombasa, walipoandika kuhusu ishara za Waswahili mwaka 1985, walizigawa mafungu mawili: vielezi na viingizi.

Tenga ishara za desturi

Si kila mkono unatungwa papo hapo. Nyingine zimerithiwa, zina umbo lake na maana yake, na zinaeleweka bila ya neno. Kumwita mtu kwa kiganja kilichotazama chini, vidole vikivuta. Kukung'uta viganja, kwamba basi, hakuna tena. Kuuma kidole kwa majuto. Kushika tama, ambako mama akikukuta nako atakutoa mkono shavuni kwa nguvu, na kuweka mikono kichwani, ambako ni uchuro, kwani ndivyo wafanyavyo waliofiwa.

Kipimo changu ni hiki: je, inawezekana kuikosea? Mtoto akimwita mtu mzima kwa kidole kimoja, atasahihishwa. Akipeana mkono kwa kushoto, atasahihishwa. Hakuna atakayemsahihisha namna alivyochora dema hewani. Kinachoweza kukosewa ni desturi, na kiandikwe kwenye orodha yake pamoja na mahali ulipokiona, maana Makunduchi na Micheweni si lazima walingane. Lugha ya alama ya viziwi ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni lugha kamili yenye sarufi yake, usiitie humu.

Kinywa na mkono vikipishana

Mzee atasema "ukakata kushoto" na mkono ukaenda kulia. Usilifute wala usilisahihishe. Kwenye njia na pande, mimi huuamini mkono kwanza, kisha nauliza.

Walimu wa skuli wana sababu ya ziada ya kuyaangalia haya. Mwaka 1986 Ruth Breckinridge Church na Susan Goldin-Meadow walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto walioulizwa maswali ya Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi: maji yanamiminwa kutoka gilasi ndefu kwenda chombo kipana, je, bado ni kiasi kile kile? Wapo waliosema "si sawa, hili ni refu," huku mikono yao ikionyesha upana. Kinywa kilitaja urefu, mkono ulikuwa umeshaona upana. Na watoto hao ndio waliofaidika zaidi na mafunzo yaliyofuata. Unaweza kulijaribu jambo hilo kwa kata na sufuria kwenye darasa lolote. Mtoto akikosea hesabu, kabla ya kumwambia "kaa chini," mwambie akueleze alivyofanya, na umtazame mikono. Pengine jibu liko njiani, limeshafika vidoleni.

Rudi kwa mwenyewe

Ukimaliza kuandika, mpelekee mzee kile kipande umwonyeshe. Simamisha kwenye kila kiini umuulize: "Hapa ulikuwa unasema nini?" Mara nyingine atakushangaa kwamba hujui. Mara nyingine atasema sivyo ulivyoandika. Badilisha, na uweke tarehe ya mabadiliko. Faili lipe jina la siku, mahali na jambo linalozungumzwa, hifadhi nakala mbili mahali tofauti, na moja ibaki kwa familia yake.

Kwa babu yangu hatua hii ilikuwa imeshanipita. Nikaichukua kaseti nikaenda nayo Kojani kwa mzee aliyekuwa akitoka naye baharini, tukakaa barazani kwake, nikaandika kibla iko wapi, nikawasha simu nikaiweka mbele yake, kisha nikabonyeza redio. "Mwamba uko hapa," ikasema sauti ya babu. Yule mzee alikuwa amefumba macho, tasbihi imelala pajani. Sauti ilipokaribia kusema "huku," kabla hata neno halijatoka, mkono wake ukainuka wenyewe, ukapita mbele ya kifua kutoka mashariki kwenda kibla, ukasimama. Nikaandika dakika na sekunde.